Wingu likisimama Leeds

Barua ya Home Office, wizara ya Uingereza inayoshughulikia viza, haina maneno mengi. Inakueleza kwamba mwajiri wako amefutiwa leseni ya udhamini, yaani ruhusa ya kuajiri watu kutoka nje, kwa hiyo viza yako inakatwa, na una siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka Uingereza. Hujaiba, hujachelewa kazini. Wazee uliokuwa ukiwaogesha na kuwalisha majumbani kwao hapa Leeds bado wanauliza kwa nini siku hizi huji. Niliisoma nimesimama jikoni, na mtu wa kwanza kumpigia hakuwa wakili. Nilimpigia mama, Moshi.

Mama hakulia. Alisema, "Mwanangu, aliyekupeleka huko hajasinzia. Fungua Hesabu, sura ya tisa." Kisha akaniombea kwa Kichaga, kama afanyavyo mambo yakiwa mazito.

Sura hiyo ya Biblia inasimulia wingu lililokaa juu ya maskani, hema takatifu la Mungu, jangwani. Likiinuka, Waisraeli wanasafiri. Likitua, wanapiga kambi. Likikaa siku mbili, au mwezi, au zaidi ya hapo, hawang'oki. Tumeifundishwa tangu Sunday school kama habari ya safari, lakini sehemu kubwa yake ni habari ya kukaa, na hakuna mahali watu wale wanapoambiwa watakaa mpaka lini. Maskani ilikuwa na mbao 48 na vitako 100 vya fedha vya kuzisimamishia. Wingu lilitua hata kwa usiku mmoja tu, jioni mpaka asubuhi, na bado maskani ilisimamishwa. Fikiria kazi hiyo, usiku, kwa ajili ya mahali ambapo huenda kesho utapaacha.

Huku wengi wetu tunaishi kinyume chake. Masanduku hayafunguliwi, meza hainunuliwi, kanisa hatujiungi, jirani hatumjui. Tutaanza kuishi karatasi zikikamilika. Mimi nilikuja baada ya Machi 2024, sheria ilipokwisha kuwazuia wafanyakazi wa kulea wazee kuleta wenzi na watoto, kwa hiyo mume wangu na wanangu wako Moshi na moyo wangu umebaki huko. Najua ugumu wa kusimamisha hema mahali ambapo watoto wako hawapo. Lakini siamini kwamba Mungu ameniongoza mpaka hapa halafu akasubiri nifike kwingine ndipo aendelee. Juma lilelile la barua nilijiandikisha kwaya.

Kuna sehemu nyingine ambayo sijawahi kuisikia ikihubiriwa. Ukigeuza ukurasa tu, sura ya kumi, Musa anamsihi Hobabu Mmidiani asiwaache, kwa kuwa anajua mahali pa kupiga kambi jangwani. Anataka awe macho yao. Wingu lipo juu yao, mchana na usiku, na bado Musa anamtafuta mtu anayeijua nyika ile! Kwangu hili ni jambo kubwa. Kumtegemea Mungu hakujamzuia Musa kuuliza njia.

Hobabu wangu alikuwa mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, asiyetoza pesa. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba Aprili 2025 waajiri wa England walianza kutakiwa kujaribu kwanza kuwaajiri watu kama sisi, tuliopoteza wadhamini, kabla ya kuagiza wafanyakazi kutoka nje. Na kwamba ingawa mlango wa kuajiri walezi kutoka ng'ambo ulifungwa Julai 2025, sisi tuliokwisha kuwa ndani tunaweza kubadilisha mwajiri mpaka Julai 2028. Nilirudi nyumbani nikimshukuru Mungu kwa sheria, jambo ambalo sikuwahi kulifanya.

Wakati huohuo nilipigiwa simu na mtu aliyejiita mtumishi. Alisema ameonyeshwa viza yangu ikitoka siku ya Alhamisi, ila kuna "sadaka" ya kumlipa ndugu fulani mwenye vyeti vya udhamini, hati ambayo mwajiri humpa mfanyakazi ili aombe viza. Ndugu zangu, huyo anawinda. Mwajiri haruhusiwi kumtoza mfanyakazi gharama ya cheti cha udhamini, na Mungu hamtumi mtu akuuzie kitu kilichokatazwa kuuzwa.

Nimepata nyumba ya wazee iliyokubali kunidhamini, ombi limepelekwa kabla ya siku kwisha, na sasa nasubiri jibu. Sijui litakuwaje. Kila jioni naongea na wanangu kwenye simu, tunasali pamoja, kisha mdogo ananionyesha madaftari yake ya shule.

Kama barua ya namna hii imekufikia, angalia kwanza tarehe ya mwisho iliyoandikwa humo. Mtafute mshauri aliyesajiliwa siku hiyohiyo, usimlipe dalali hata senti, na uniandikie. Kila Jumamosi usiku tunakutana kwa simu kuombea wenye barua hizi. Jina la kwanza linatosha, tutakutaja.