Sungura wa Pongwe sasa wanaingia kwenye friza

Kumfuga sungura si kazi, kazi inaanza akifika umri wa kuchinjwa. Jike anabeba mimba mwezi mmoja tu, anazaa wengi kwa mpigo, na watoto wakifika wiki ya 10 hadi ya 12 wako tayari. Ukiwachelewesha hapo, majani na pumba zinaendelea kuliwa na nyama haiongezeki kwa kiasi cha maana. Kwa mdogo wangu hapa Pongwe, nje ya Tanga mjini, mabanda yalikuwa yamejaa, wanunuzi hakuna, na watoto wa nyumba wameshachoka mchuzi wa vijifupa. Alikuwa anafikiria kuacha kabisa. Ndiyo maana likizo hii nimetoka Maine, Marekani, na mashine ya kusaga nyama ndani ya begi, ili sungura tuwafanye kima, yaani nyama ya kusaga, na kuigandisha. Nimebeba ya mkono, kwa sababu za umeme za kule ni za volti 120 na hapa kwetu ni 230.

Kule Maine kijijini baridi ni ndefu, na watu huchinja kwa wingi kabla theluji haijakaa, wakajaza friza. Sungura mwenyewe baridi haimsumbui sana, shida ni maji ya kunywa kuganda bandani. Tanga ni kinyume: joto likipita nyuzi 30 anahema, na dume anaweza kukaa muda bila kuzalisha. Banda la mdogo wangu liko chini ya mwembe, na amefanya vizuri.

Mama mdogo aliuliza kwanza kama sungura ni halali. Kwetu sisi Masunni ni halali. Katika Sahihi Bukhari, kitabu cha hadithi, sahaba Anas anasimulia walivyomkimbiza sungura, sahaba mwenzake Abu Talha akamchinja, na mapaja yakapelekwa kwa Mtume, akayapokea. Majirani zetu Mashia Ithnaashari hawamli. Kwa hiyo ukipika kima ya sungura na una wageni, sema mapema. Kima haitambuliki kwa macho, na mgeni ana haki ya kujua anachokula.

Tulichinja alfajiri. Maini tuliyakagua moja moja: lenye rangi moja ni chakula, lenye madoa meupe tunatupa, kwa kuwa mara nyingi ni dalili ya ugonjwa wa koksidia. Nyama ikalala kwenye friji usiku mzima, maana ya moto ni ngumu na inateleza kisuni.

Mapaja ya nyuma ndiyo yenye nyama. Unayaachanisha kwenye nyonga, halafu unapitisha ncha ya kisu kandokando ya mfupa mpaka utoke mtupu. Kisha sarara, ile minofu miwili iliyolala huku na huku ya uti wa mgongo. Hapo kidole kinatangulia na kisu kinafuata, ukiubana mfupa usiiache nyama. Mikono ya mbele ni rahisi, imeshikwa na misuli tu. Utando mweupe na kano vitoe vyote, la sivyo vinajizungusha kwenye kisu cha mashine. Mbavu usihangaike nazo. Zitie sufuriani pamoja na migongo, tangawizi na ndimu, upate supu.

Wifi yangu ndiye aliyekuwa mkaguzi wa mwisho. Amezoea kuchambua miiba ya samaki tangu utotoni. Alikuwa anafumba macho, anaminya kila kipande kwa dole gumba, na akatoa vipande vya mfupa ambavyo mimi nilikuwa nimeshavipitisha. Mfupa wa sungura hupasuka kwa ncha kali, hauna mzaha kwa mtoto.

Kabla ya kusaga, tandaza vipande kwenye sinia, viingie friza mpaka kingo zikazane. Kisu cha mashine nacho kiingie. Nyama ikipata joto inarojeka badala ya kusagika. Na kwa kuwa sungura hana mafuta, kwa kilo 2 za nyama tulitia robo kilo ya mafuta ya ng'ombe. Bila hivyo kababu inakauka na kumeguka.

Sungura wa kilo mbili na robo akiwa hai, mifupa ikishatoka, hakupi hata kilo moja. Tulifunga nusu kilo kwa kila mfuko, tukaubapaza na kutoa hewa, tukaandika tarehe. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, kima inakaa miezi 3 hadi 4 na ladha yake.

Umeme ukikatika, usifungue friza. Iliyojaa huweza kushikilia baridi kama saa 48, iliyo nusu kama saa 24, ila kwa joto letu usizitegemee zote. Nafasi tupu zijazwe chupa za maji. Kima ikishayeyuka na kupata joto, usiigandishe tena. Iliyokaa kwenye joto zaidi ya saa mbili, usiile.

Mifuko miwili ya kwanza ilikaangwa na kitunguu na pilipili manga, ikaingia kwenye sambusa. Watoto walikula, na mama mdogo akaomba za kupeleka Ngamiani, Tanga mjini. Mashine naiacha hapa. Kule nitanunua nyingine, na mdogo wangu ameshapandisha majike mawili.