Mguu Uliokosa Penalti na Kichwa Kinachopanga Timu

Tarehe 23 Juni 2019 nilitazama Taifa Stars ikicheza na Senegal mjini Cairo, nikiwa nimebanwa kwenye benchi la kibanda umiza pamoja na watu waliokuwa wamesubiri miaka 39 kuiona tena Tanzania katika fainali za Mataifa ya Afrika. Tulifungwa 2-0. Lakini kila kamera ilipogeukia mabenchi ya ufundi, macho yangu yalibaki kwa makocha, kwa sababu wote wawili niliwafahamu kwanza kama wachezaji.

Upande wetu alikuwa Emmanuel Amunike, aliyefunga mabao yote mawili ya Nigeria katika fainali ya Mataifa ya Afrika ya mwaka 1994 dhidi ya Zambia, na miaka miwili baadaye akafunga bao la ushindi dhidi ya Argentina katika fainali ya Olimpiki. Goti ndilo lililomkatisha safari yake Barcelona. Baada ya kutundika daluga hakukimbilia timu kubwa kwa kutegemea jina lake. Alikuwa msaidizi katika kikosi cha vijana wa Nigeria kilichotwaa Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2013, kisha mwaka 2015 akalitwaa tena nchini Chile akiwa kocha mkuu. Alipofika kwetu mwaka 2018, jambo lake la kwanza kusikika halikuwa mbinu bali nidhamu: aliwaondoa kikosini wachezaji kadhaa, wengi wao wa Simba, waliochelewa kuripoti kambini. Wapo waliokasirika. Mimi niliona mtu aliyekwisha kuelewa kwamba kocha hawezi tena kuomba mpira na kumaliza tatizo kwa mguu wake mwenyewe, kwa hiyo ni lazima alimalize kabla ya kipenga. Tulipoichapa Uganda 3-0 jijini Dar es Salaam mwezi Machi 2019 na kufuzu, sikusikia tena mtu akilitaja sakata la kambi.

Upande wa pili alikuwa Aliou Cissé, na hapa naomba nikae kidogo. Alikuwa nahodha wa Senegal iliyoifunga Ufaransa katika Kombe la Dunia la 2002, lakini miezi michache kabla ya hapo, katika fainali ya Mataifa ya Afrika mjini Bamako, penalti yake ya mwisho dhidi ya Cameroon ilipanguliwa na kombe likaenda kwa wapinzani. Alipokabidhiwa timu ya taifa mwaka 2015, baada ya kuwafundisha vijana wa chini ya miaka 23, aliibeba kumbukumbu hiyo hadi kwenye benchi. Mwaka 2017 Senegal ilitolewa robo fainali kwa penalti, tena na Cameroon, na aliyekosa safari hii alikuwa Sadio Mané. Mwaka 2019 Cissé alipoteza fainali kwa Algeria, bao moja la mapema kabisa. Kwa hesabu za kwetu, huyo angekuwa amekwisha kufungashiwa virago mara mbili.

Senegal ilimwacha aendelee. Tarehe 6 Februari 2022, mjini Yaoundé, Mané alikosa penalti mnamo dakika ya saba ya fainali dhidi ya Misri. Mechi ikaisha bila bao, ikaenda kwenye mikwaju, na aliyetembea kuupiga mkwaju wa tano, ule wa kuamua, alikuwa Mané yuleyule. Akafunga. Sijui mwalimu wa darasani angemfundishaje kocha kumwamini mtu aliyekosa saa mbili zilizopita. Naamini Cissé alilijua jambo hilo tangu Bamako, kwa sababu yeye mwenyewe aliwahi kurudi kwenye mstari wa katikati akiwa amekosa, huku wenzake wakimtazama.

Amunike hakupewa nafasi ya namna hiyo kwetu. Tulipoteza mechi zote tatu za makundi, na kabla fainali hizo hazijamalizika mkataba wake ulikuwa umevunjwa, akiwa hajatimiza hata mwaka mmoja. Cissé alikaa miaka tisa. Bado naumia nikikumbuka Cairo, na si kwa sababu ya yale mabao mawili: kwenye uwanja ule walisimama wanafunzi wawili wa kazi ileile, mmoja akiwa katika mwaka wake wa tano, mwingine tukiwa tayari tunamwandikia barua ya kuondoka.