Jinsi nilivyookoa maziwa ya Aprili

Mimi ni karani katika kituo kimoja cha kukusanya maziwa karibu na Njoro, Kaunti ya Nakuru, na sijasomea utayarishaji wa programu. Nilicho nacho ni ukaidi. Mwaka wa 2024 nilitengeneza fomu ndani ya Excel, yenye kisanduku cha nambari ya mfugaji, cha lita na cha tarehe, pamoja na kitufe cha kuhifadhi. Ilinipendeza kiasi cha kuwaita wenzangu waje kuitazama.

Furaha hiyo ilidumu hadi malipo ya Aprili. Mzee mmoja alikuja na karatasi yake ya malipo, akaniuliza kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, "Mwanangu, ng'ombe wangu hajakauka, mbona maziwa yamepungua?" Nilipofungua lahajedwali, nikakuta kwamba maziwa ya tarehe 12 Aprili yameandikwa tarehe 4 Desemba, mwezi ambao haukuwa umefika, na ya tarehe 1 Aprili yamerudi hadi tarehe 4 Januari. Siku zote kuanzia tarehe 13 zilikuwa salama. Kwa ufupi, siku 11 za mwezi zilikuwa zimetawanyika mwaka mzima, kila moja ikiangukia tarehe nne ya mwezi fulani, na katika zile 12 za mwanzo ni tarehe 4 Aprili pekee iliyonusurika, kwa kuwa hata ukiigeuza inabaki vilevile.

Kijana mmoja wa saiba mjini Nakuru alinitoza kama shilingi mia mbili ili aniambie nibadilishe mpangilio wa safu ya tarehe. Nilibadilisha, na Desemba ikabaki Desemba, ila sasa imeandikwa vizuri zaidi, kwa sababu mpangilio wa seli hubadilisha sura ya tarehe tu, si tarehe yenyewe. Mwingine akanishauri nibadilishe mipangilio ya nchi kwenye kompyuta, ilhali tayari ilikuwa inatanguliza siku. Mimi nami, kwa kujiona mjanja, nilipitisha tarehe kwenye Format, amri ya kupanga sura ya tarehe, kabla ya kuihifadhi. Kisanduku kilionyesha 12/04/2024 kwa madaha, nami nikaenda kunywa chai nikijua nimemaliza kazi. Niliporudi, Desemba ilikuwa inanisubiri. Format hurudisha maandishi, na VBA, lugha ya programu iliyomo ndani ya Excel, inapotia maandishi ya namna hiyo katika seli huyasoma kwa desturi ya Marekani, mwezi kwanza na siku baadaye, hata kompyuta iwe imepangwaje.

Nilichofanya hatimaye ni kutoiachia mashine nafasi ya kukisia. Msimbo wangu hubadilisha nukta na vistari vyote kuwa mkwaju, hugawa maandishi kwa Split, kisha huunda tarehe kwa DateSerial, ambayo hupewa mwaka, mwezi na siku kila kimoja mahali pake. Kinachoingia katika seli ni tarehe halisi, si maandishi. Hata hivyo DateSerial ina hila yake: ukiipa tarehe 31 Februari 2024 haikatai, bali hukusogeza kimyakimya hadi tarehe 2 Machi. Kwa hiyo nalinganisha siku na mwezi vilivyotoka na vile vilivyoandikwa, na vikitofautiana, kisanduku hakimruhusu mtu kutoka. Usiitegemee IsDate, amri ya kuuliza kama maandishi ni tarehe, kwa ulinzi huu, kwani hupokea 4/13/2024 bila kunung'unika, ingawa hakuna mwezi wa 13.

Ninalojivunia zaidi ni kwamba mtu akishaandika, kisanduku humwonyesha mwezi kwa herufi, kwa hiyo Aprili haiwezi tena kujifanya Desemba mbele ya macho yake. Ukiandika siku na mwezi pekee, mwaka unajijaza. Ukiandika "j", inaingia tarehe ya jana, maana maziwa ya jioni mara nyingi huandikwa kesho yake asubuhi.

Kumbukumbu za zamani nilizirekebisha kwa jioni mbili, nikigeuza siku na mwezi huku daftari la karatasi likiwa wazi kando yangu, kwa sababu nyingine zilikuwa zimeandikwa moja kwa moja katika seli na hazikuwa na kosa. Mzee alilipwa salio lake. Wiki iliyofuata mwenzangu akalalamika kwamba fomu imemkatalia. Alikuwa ameandika "juzi". Niliiongeza.