Mto Unaofunguliwa Kama Bomba

Mjomba wangu wa Igombe anavua dagaa tangu sijazaliwa. Niliporudi likizo Mwanza nilimwonyesha boksi langu la ndoano. Akachukua moja kwa vidole viwili, akaisogeza kwenye taa: ndoano ndogo kama punje ya mchele, imezungushiwa uzi mweusi na unyoya wa jogoo.

"Hii unamvulia nani?"

"Trauti, mjomba. Samaki wa maji baridi."

"Anakula manyoya?"

Nikamwambia asicheke, manyoya yanaigiza chakula cha trauti, na chakula chenyewe mjomba anakijua. Ni jamii ya vile vijidudu vinavyopanda ziwani kama moshi hadi vinaingia kwenye chai. Huko Arkansas, Marekani, ninakovua, vipo pia, na trauti huvila mwaka mzima vikiwa bado viluwiluwi kwenye mawe. Aprili wanaibuka wadudu wengine, nasi tunabadilisha manyoya.

Mto wenyewe ni White River, chini ya bwawa la Bull Shoals lililokamilika 1951. Maji hutolewa karibu na sakafu ya bwawa, kwa hiyo hata Julai, nje jua la Shinyanga, miguu inakufa ganzi. Samaki wenyeji waliozoea maji ya uvuguvugu walishindwa, ndipo ikapandikizwa trauti.

"Kama sangara," akasema.

Kama sangara kabisa, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950. Ila sangara tunamla. Wangu mara nyingi namrudisha majini. Hapo mjomba alinitazama kwa huruma.

Yeye hufuata mwezi. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawafuati taa, mitumbwi inakaa nchi kavu. Mimi nafuata mitambo ya umeme. Bwawa lina minane, na kabla sijaingia mtoni naangalia kwenye simu ni mingapi inazunguka. Ikizimwa, kuna mahali unavuka kwa miguu. Mwaka wangu wa kwanza sikuangalia. Nilisimama kwenye changarawe, maji magotini, nikaona jani linapita mbio kuliko wenzake. Nikageuka kutafuta jiwe nililoliweka alama, halipo. Nilifika ukingoni maji yakiwa kifuani, fimbo ya kuvulia imeshakwenda.

"Sasa anayefungua hayo maji ni nani?"

"Watu wa umeme, mjomba. Joto likizidi mjini, viyoyozi vinawashwa, nao wanazungusha mitambo."

Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo wao wakisikia joto, wewe unazama?"

"Ndiyo hivyo."

Akairudisha ndoano kwenye boksi, akafunga kifuniko taratibu, akatoka nje kuangalia mwezi.