Fomu Isiyo na Safu ya Watu

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kuhesabu magari. Unapewa kiti, ubao wa kuandikia, fomu, na kidude cha chuma cha kubonyeza kwa dole gumba, kisha unakaa pembeni mwa makutano ya barabara tangu alfajiri mpaka zamu ibadilike. Gari dogo, bonyeza. Basi, chora mstari. Lori la ekseli mbili, lori la ekseli tatu, pikipiki, kila moja na safu yake. Kila robo saa unajumlisha na kuanza upya. Ukipiga chafya tu, magari manne yameshakupita.

Fomu haikuwa na safu ya watu. Nilimuuliza msimamizi, akanijibu kwa upole kwamba waenda kwa miguu wana fomu yao, ila mteja hakuiagiza. Miradi mingine ikaja, ikapita, fomu hiyo sikuiona. Basi nalo lilikuwa na kituko chake. Takwimu zetu zikishafika ofisini, wahandisi hulihesabu basi moja kama magari madogo mawili au matatu hivi. Liwe limejaa abiria sitini au liwe tupu, hesabu ni ileile, kwa kuwa kinachopimwa ni nafasi linayokula barabarani.

Sina ugomvi na hesabu hiyo kwa kazi yake. Ukitaka kujua makutano yataelemewa lini, huna budi kuhesabu hivyo. Balaa huanza pale inapogeuzwa kuwa picha nzima ya mtaa. Ukihesabu magari peke yake, shida pekee itakayoonekana kwenye karatasi ni magari kuchelewa, na dawa itakayopendekezwa ni kupanua barabara.

Dawa hiyo imeshajaribiwa. Barabara kuu ya Katy huko Houston, Marekani, ilipanuliwa hadi kuna sehemu yenye njia 26 ukijumlisha zile za pembeni. Kazi ilikamilika 2008. Kufikia 2014, safari ya jioni ilichukua muda mrefu kuliko ilivyochukua 2011. Njia mpya huvuta magari mapya: aliyekuwa akipanda basi anawasha gari lake, aliyekuwa akichelewesha safari kukwepa foleni anatoka nayo, na mwingine anahamia mbali zaidi kwa kuwa sasa anaona anafika. Mchumi Anthony Downs aliyaandika haya tangu 1962.

Ila ninayemrudia zaidi ni Donald Appleyard, mtaalamu wa usanifu wa miji. Mwishoni mwa miaka ya 1960 yeye na wenzake walichagua mitaa mitatu ya makazi mjini San Francisco, inayofanana kwa mengi isipokuwa magari: mmoja ulipitisha kama 2,000 kwa siku, wa pili 8,000, wa tatu 16,000. Wakabisha hodi nyumba kwa nyumba wakiuliza mambo ambayo hayamo kwenye fomu yoyote niliyowahi kushika. Una marafiki wangapi hapa mtaani? Unafahamiana na akina nani? Kwako panaanzia wapi na kuishia wapi? Kwenye mtaa wa magari machache, mtu alikuwa na marafiki watatu kwa wastani. Kwenye ule wa magari mengi hawakufika hata mmoja: 0.9. Na walipoulizwa mipaka ya kwao, watu wa mtaa mtulivu waliihesabu barabara yote kuwa yao, huku wale wa mtaa wa tatu wakirudi nyuma mpaka ndani ya jengo. Kitabu chake juu ya utafiti huo kilitoka 1981. Mwaka uliofuata aligongwa na gari lililokuwa likienda kasi huko Athens, akafa.

Nikiwa kwenye kile kiti niliona jambo moja mara nyingi, na ningependa kila mchoraji wa barabara alione. Mzee mwenye mkongojo anasubiri taa ya kuvuka. Taa hizi kwa kawaida hupangwa kwa kukadiria mtu anatembea mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo barabara ya mita 14 hupewa sekunde 12 hivi. Mzee yule anakwenda mita 0.8, pengine chini ya hapo. Anahitaji zaidi ya sekunde 17. Taa inawaka, anashuka ukingoni, macho chini kutafuta pa kuweka mkongojo, na kabla hajamaliza njia ya tatu taa imebadilika. Hakuna anayempigia honi, watu wana adabu zao. Wanasogeza tu gari nusu mita mbele. Naye anaharakisha, na kwa umri ule kuharakisha ndiko kuanguka. Baada ya muda humuoni tena pale.

Asipokuja, hahesabiwi. Ripoti ikiandikwa inasema mahitaji ya kuvuka eneo hilo ni madogo! Mtoto aliyekatazwa kwenda shule kwa miguu, mama mwenye kigari cha mtoto aliyeamua kuzunguka mbali, wote wametoweka kwenye takwimu, na kutoweka kwao kunatumika kuthibitisha kwamba kivuko hakina haja.

Wakilalamika sana, wanajengewa daraja la juu. Wahandisi wanisamehe, lakini daraja la waenda kwa miguu katikati ya mji limejengwa kwa ajili ya magari. Asiye na injini ndiye anayepandishwa ngazi, mwenye injini anapita tambarare.

Yanayosaidia kweli ni madogo mno hata hayakatiwi utepe. Kilomita 30 kwa saa kwenye mitaa ya makazi. Kona zilizobanwa ili dereva apunguze mwendo mwenyewe, bila askari. Kisiwa cha kupumzikia katikati ya barabara. Sekunde tano zaidi kwenye taa. Oslo walipunguza mwendo na kuondoa maegesho mengi katikati ya mji, na mwaka 2019 hakuna mwenda kwa miguu wala mwendesha baiskeli hata mmoja aliyeuawa barabarani katika mji mzima. Vienna, tangu miaka ya 1990, wapangaji walianza kuwauliza wakazi safari zao za siku nzima, wakagundua kwamba za wanawake wengi hazikuwa za kwenda kazini na kurudi tu: kulikuwa na mtoto wa kupeleka, mzazi wa kutazama, mizigo ya kubeba. Njia za miguu zikapanuliwa, taa za usiku zikaongezwa, ngazi zikapata mteremko wa magurudumu.

Malori nayo lazima yafike, na gari la wagonjwa lipite. Hilo halibishaniwi. Lakini sijaona bado mradi uliosahau kuyahesabu malori.

Kwa hiyo mkiletewa mpango wa barabara mtoe maoni, zile picha za rangi zenye miti na watu wanaotabasamu ziacheni kwanza. Tafuteni kiambatisho cha takwimu. Angalieni saa za kuhesabu: kama ni asubuhi na jioni tu, anayekwenda kliniki saa nne hayumo. Angalieni kama ilikuwa siku za shule au likizo. Angalieni kama kuna safu ya watu, na kama wamehesabiwa wanaovuka au wanaopita tu kandokando. Mara nyingi kiambatisho hicho huwekwa mwisho kabisa, nyuma ya michoro ya mifereji, na muda wa maoni ni mfupi. Anzeni kusomea huko.