Picha za Ijumaa na programu ya kujuliana hali

Kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja, mimi na ami yangu anayekaa Malindi tulikuwa tukipelekeana picha ya salamu kila Ijumaa. Yeye hunitumia picha ya msikiti uliozungukwa na maua, yenye maneno "Ijumaa Karim", nami humrudishia nyingine mfano wa hiyo, nikaridhika kwamba udugu umeungwa. Siku tuliyokutana kwenye hitima hapa Mombasa, nilimkuta ameshikwa mkono na mjukuu wake, kwa kuwa macho yalikuwa yameingia ukungu na kwa miezi mingi hakuweza kusoma chochote kwenye simu. Picha zile alikuwa akizituma yule mjukuu, aliyeagizwa na babu yake asiache kuwasalimia watu. Nilirudi nyumbani Kibokoni na fedheha kubwa, kwa sababu muda wote huo sikuwa nimeisikia sauti ya ami hata mara moja, ilhali simu yangu ilionyesha kwamba tunawasiliana kila wiki.

Kazi yangu ni kutengeneza programu za simu, na tangu siku ile nimekuwa nikitumia jioni zangu kubuni programu moja ndogo ya kumsaidia mtu asipoteane na watu wake. Jambo la kwanza nililoliamua, na ambalo sijalibadilisha mpaka leo, ni kwamba programu hii haitatuma salamu yoyote. Haina picha za maua, haina dua zilizoandikwa tayari, wala haina kitufe cha kusalimu watu 50 kwa mpigo. Inamkumbusha mtumiaji jina moja, inamfungulia namba ya kupiga, kisha inajifunga. Mwenzangu mmoja wa kazi alinishauri niongeze salamu za kujituma zenyewe, kwa hoja kwamba watu hawana muda; nilimjibu kwamba ami alikuwa akipokea salamu za kujituma kutoka kwangu, kwa maana mimi mwenyewe nilikuwa nimegeuka mashine ya kuzituma.

Mfano wa kuiga nilikuwa nao nyumbani. Mama ana daftari la shule la kurasa 96 ambalo amelitumia tangu kabla hatujawa na simu za mkononi, na ndani yake majina hayakupangwa kwa alfabeti bali kwa nyumba. Kuna ukurasa wa nyumba ya shangazi Lamu, ukurasa wa nyumba ya jirani wa zamani aliyehamia Kisauni, na ukurasa wa ndugu zetu walioko Maskati, kila mmoja ukiwa na mistari ya watoto na wajukuu. Anapompigia mmoja, huwaulizia wote waliomo katika ukurasa huo, na kwa njia hiyo simu moja huunga watu saba au wanane. Programu za kigeni nilizozijaribu humtazama kila mtu peke yake, na humtaka mtumiaji achague kama huyo ni jamaa, rafiki au mtu wa kazini. Zile zinazotaja ukoo huwaweka ami na mjomba katika neno moja, jambo ambalo mtu wa hapa hawezi kulikubali, kwa kuwa mmoja ni wa upande wa baba na mwingine ni ndugu wa mama, na nafasi zao kwa mtoto hazifanani. Kwa hiyo nilizitupa michoro yangu ya mwanzo na kuanza upya, nikiifanya nyumba kuwa ndiyo kiini cha programu, na mtu kuwa mstari ndani ya nyumba.

Idadi ya nyumba nimeiwekea kikomo cha 30. Mtaalamu wa Uingereza, Robin Dunbar, alipendekeza katika miaka ya 1990 kwamba binadamu anaweza kudumisha uhusiano wa kweli na watu wapatao 150 hivi, na wa karibu kabisa ni wachache mno. Nyumba 30 za Mombasa hupita hesabu hiyo kwa mbali, lakini anayepigiwa ni mmoja tu katika kila nyumba, na mimi naamini zaidi daftari la mama.

Maneno ya ukumbusho yalinitesa kuliko nilivyotarajia. Hapo mwanzo arifa ilisomeka, "Hujazungumza na nyumba ya mjomba kwa siku 47." Mke wangu aliisoma akasema kwamba inamkumbusha barua za kudaiwa karadha, na kwamba mtu anayeona haya kwa kukaa kimya ataona haya zaidi akihesabiwa siku, kisha hatapiga kabisa. Alisema kweli. Nimeondoa hesabu zote, na sasa arifa husema, "Pengine leo ni siku njema ya kumjulia hali mjomba." Ikipuuzwa hairudi siku hiyo, na hakuna mahali popote ambapo mtumiaji huonyeshwa alama au sifa kwa kupiga simu nyingi.

Hata hivyo, sehemu iliyonifunza mengi ni ile ya wakati. Simu huandika saa kwa mtindo wa Kiingereza, nasi tunahesabu saa tangu kuchomoza na kuchwa kwa jua, kwa hiyo mtu wa kwanza kuijaribu programu, mama mmoja mwenye kibanda cha nguo Kongowea, alipoandika saa 2 usiku, iliita saa nane usiku ikaamsha nyumba nzima. Hilo lilirekebishika kwa siku moja. Kosa la pili lilikuwa na mizizi zaidi. Ami aliniambia nimpigie kila usiku wa Ijumaa, nikaingiza maneno hayo, nayo programu ikanikumbusha Ijumaa saa tatu usiku, kumbe yeye alikuwa amenisubiri tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa kuwa kwetu sisi Waislamu wa pwani siku huanza jua likichwa. Mimi nililijua hilo tangu utotoni, lakini kalenda niliyoitumia kuunda programu haikulijua, nami sikuifundisha. Sasa programu humuuliza mtumiaji ana maana ya usiku upi, kisha hukumbuka jibu lake. Salamu za Idi nazo sikuzifunga na tarehe ya kukokotolewa, kwani Idi husubiri mwezi uandame. Mtumiaji mwenyewe hubonyeza siku mwezi unapotangazwa, na hapo ndipo orodha ya nyumba za kutembelewa hufunguka, za karibu zikitangulia, kwa sababu aliye karibu hujuliwa hali kwa miguu.

Kuhusu mitambo nitasema machache. Tangu toleo la Android 6.0 la mwaka 2015, simu iliyotulia bila kuguswa huzilaza programu ili kulinda betri, na ndiyo sababu arifa zangu zilichelewa kwa saa nyingi mpaka nilipobadilisha namna ya kuzipanga. Majina na namba hubaki ndani ya simu ya mwenyewe, hazipelekwi kwenye seva yoyote, kwa kuwa daftari la mtu limejaa siri za watu wengine ambao hawakuniruhusu chochote, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019. Vilevile anayepigiwa hahitaji kuwa na programu hii. Shangazi wa Lamu ana simu ya mulika mwizi, naye anastahili kupigiwa sawa na mwenye simu ya bei ghali. Kwa walioko Falme za Kiarabu, ambako simu za sauti za WhatsApp zimezuiwa kwa miaka mingi, programu humshauri mtumiaji arekodi ujumbe wa sauti, na huzingatia kwamba saa yao iko mbele ya yetu kwa saa moja.

Lililobaki lilikuwa ni mauti. Nilikuwa nimeweka kitufe cha kufuta jina, kama programu zote zinavyofanya, mpaka nilipolifungua tena daftari la mama na kuona kwamba hakuna marehemu hata mmoja aliyefutwa. Pembeni mwa jina huandikwa "Mungu amrehemu", na chini yake jina la aliyebaki katika nyumba ile. Nimeiga hivyo hivyo: ukiiarifu programu kwamba mtu amefariki, jina lake hubaki juu ya ukurasa, kisha huulizwa, "Ni nani aliyebaki nyumbani?" Wiki iliyopita nilimpa mama simu yangu aijaribu sehemu hiyo. Alikaa kimya kwa muda mbele ya jina la shoga yake wa Kisauni, akaandika jina la binti wa marehemu, akabonyeza kitufe cha kupiga na kwenda nayo uani. Simu alinirudishia baada ya swala ya magharibi.