Kijana mkaidi na polisi: usiruke kaunta

Kijana wa riwaya yako akikimbizwa, akashikwa na kupigwa mara tatu kwa mtindo uleule, kufikia mara ya tatu msomaji anaruka kurasa. Kila anapokutana na polisi apoteze kitu kipya: kwanza pesa, kisha rafiki, mwishowe imani ya mamake.

Kama hadithi ni ya Nairobi, mpe miaka 17. Ndevu zimeota na sauti imekomaa, lakini kipande hana, kwa kuwa Kenya hutoa kitambulisho ukitimiza miaka 18. Usiku wa msako, afande akiuliza "Kipande kiko wapi?", jibu la kweli linasikika kama uongo. Kisheria huyo ni mtoto. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inataka azuiliwe tu ikiwa hakuna njia nyingine, kwa muda mfupi kabisa, na atengwe na watu wazima. Cha kuthibitisha umri wake ni cheti cha kuzaliwa, na cheti anacho mama, ambaye wamekosana tangu asubuhi. Sura yako iko hapo!

Waandishi wana haraka ya kumfikisha seli, ilhali ubabe unamtoka kwenye kaunta ya kituo. Anavua mshipi, anachomoa kamba za viatu, anakabidhi simu, sarafu zake zinahesabiwa mbele ya watu. Jina linaandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo. Akidanganya jina, mama akija kumuulizia kesho yake ataambiwa hayupo, na kijana anamsikia akiondoka.

Kumlaza ndani siku nne bila sababu ni kosa linaloonekana upesi. Ibara ya 49 inataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Zikiisha wikendi, anapelekwa siku ya kazi inayofuata. Kwa hiyo mkamate Ijumaa jioni. Polisi wako wakivunja sheria, ni sawa, mradi kuwe na mhusika anayejua kwamba imevunjwa.

Bondi ya polisi, yaani ahadi ya maandishi ya kufika akiitwa, hailipiwi, na dhamana ya pesa taslimu ina risiti. Mwonyeshe mama akihesabu noti, kisha aondoke na mwanawe bila karatasi yoyote mkononi. Neno hongo halihitajiki.

Mitaani atasema "karao". Uso kwa uso, hata mkaidi husema "afande". Anayewafukuza wachuuzi ni kanjo, yaani askari wa kaunti, si polisi. Na sare ya buluu ya polisi ilizinduliwa 2018, usiwavishe askari wa 2010.